Bendi Isiyochukiwa na Mtu

Kwa miaka kumi na miwili bendi ya Pembe za Jehanamu ilijitahidi kuchukiwa, na kwa miaka yote hiyo ilishindwa.

Si kwamba hawakuwa na bidii. Dwight Stechyshyn, mwimbaji na mpiga gita, alifuga nywele mpaka kiunoni, akajipaka wanja mweusi mpaka mashavuni, kisha akatangaza kwamba asiitwe tena Dwight bali Mkwe wa Ibilisi. Mama yake alinuna wiki nzima, akiuliza mbona hakualikwa harusini. Réjean Thibeault, mpiga ngoma, ambaye mchana alikuwa seremala, alitengeneza jeneza la msonobari ili Dwight awe anatokea ndani yake jukwaani. Lilikuwa jeneza zuri mno, limepigwa randa likang'aa, hata mzee mmoja wa mtaa wa kanisani akaomba atengenezewe la kwake, tena akataka kujua kama linapatikana lenye nafasi zaidi miguuni. Na Lorna Haapala, mpiga gita la besi, alisimama kushoto mwa jukwaa amejizungushia shingoni mnyororo wa chuma uliokuwa mzito kama dhambi. Mnyororo ulikuwa wa gari la kuzolea theluji la uwanja wa barafu, naye alitakiwa aurudishe kabla ya Jumatatu.

Lakini mji wa Garnet Lake, huko kaskazini mwa Ontario, haukujua kuchukia. Ulijua kuchimba nikeli, kucheza hoki na kuuliza mtu kama ameshakula. Sahani ya kwanza ya santuri ya Pembe za Jehanamu ilipotoka, ikiwa na picha ya fuvu lenye mapembe, akina mama wa kanisa la Kilutheri walifuma kofia za sufu zenye fuvu lilelile na kuziuza ili bendi ipate spika mpya. Mchungaji naye akamfuata Dwight dukani, akamwomba maneno ya wimbo wao mkubwa, "Nitakula Jua Lenu."

"Ule wimbo unaomtukana Mungu?" Dwight aliuliza kwa matumaini.

"Huo huo. Kiitikio chake kinawafaa sana waimbaji wangu wa sauti ya pili."

Wakajaribu nje ya mji. Katika hoteli moja ya barabarani, baada ya kupigia watu wachache waliokuwa wanangoja mvua ya barafu ipite, waliamua kuvunja chumba kama wanavyofanya wanamuziki wakubwa. Dwight alinyanyua televisheni aitupe dirishani. Dirisha lilikuwa limeganda, halikufunguka. Akavunja kiti. Réjean akalala akikitazama kile kiti, akageuka huku, akageuka kule, na kulipokucha walimkuta amepiga magoti na gundi yake, anakiunga. Mwenye hoteli alipoona kazi ilivyotulia, akamletea na vingine vya ukumbini.

Redio iliwapiga, hilo lazima lisemwe. Sheria ya Kanada inazitaka stesheni zipige sehemu fulani ya nyimbo za nyumbani, na stesheni ya mkoa iliona afadhali kuimaliza sehemu hiyo alfajiri, wakati wasikilizaji hawajaamka vizuri na hawawezi kulalamika. Kwa hiyo "Nitakula Jua Lenu" ulipigwa kila siku kati ya taarifa ya samaki na taarifa ya theluji. Mkoa mzima uliujua kwa moyo. Ila wengi walidhani ni tangazo la matairi.

"Tatizo letu ni mama zenu," Dwight alisema siku moja, wakirudi nyumbani kwenye gari lao lililokuwa likivuja upepo.

"Mama yangu amekukosea nini?" Réjean alihamaki.

"Anakuja kwenye kila onyesho na biskuti! Natoka kwenye jeneza, namwona yuko mstari wa mbele na bakuli!"

"Na wewe unazila."

"Nazila kwa uchungu, Réjean."

Lorna aliyekuwa anaendesha hakucheka. Kwa hao wenzake bendi ilikuwa raha ya mwisho wa wiki iliyokolezwa chumvi kidogo. Kwake ilikuwa mlango. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na tangu akiwa msichana alitaka jambo moja tu: apige besi yake mahali ambapo hakuna anayemjua mama yake, watu waseme ni mzuri au mbaya kwa sababu ya vidole vyake, si kwa sababu ni mtoto wa Aune na alikuwa mtoto msikivu. Mji uliompenda kila mtu haukuweza kumwambia kama yeye ni mwanamuziki. Ulimsifu vilevile ulivyosifu keki zilizoungua.

Badala yake mji ulimpa funguo. Lorna ndiye aliyekuwa mtunza barafu wa uwanja. Aliendesha mashine ya kulainishia barafu, alichora mistari, aliwasha na kuangalia mitambo ya kugandisha iliyonguruma nyuma ya ukuta msimu mzima wa baridi. Funguo alikabidhiwa na Bi Verna Pettigrew, mwenyekiti wa kamati ya uwanja, mwanamke wa miaka sabini aliyekuwa na fimbo, miwani miwili, na kumbukumbu ya kila bao lililowahi kufungwa pale. Garnet Lake walikuwa wanaweza kuacha milango ya nyumba zao wazi usiku kucha, lakini chumba cha mitambo kilikuwa na kufuli mbili.

Ndipo akaja Sheldon Pruitt.

Alitoka kampuni moja ya sahani za muziki ya Toronto, amevaa koti jembamba la ngozi lililofaa kwa mahali pengine, na alikaa kwenye kantini ya uwanja akipuliza vidole. Bendi ilikaa mbele yake kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Nimesikiliza kanda zenu," alisema. "Mnapiga vizuri. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Niambieni, nani anawachukia?"

Walitazamana.

"Kuna shemeji yangu," Réjean alisema. "Ila hiyo ni habari ya mtumbwi."

"Mmewahi kufungiwa onyesho? Kulaaniwa kanisani?"

"Kanisani wametuwekea zamu ya kuimba Pasaka," Dwight alikiri, akainamisha kichwa.

Sheldon alisugua uso. "Sikilizeni, wapenzi wangu. Kijana wa Toronto hanunui sahani kwa sababu ni nzuri. Ananunua kwa sababu baba yake ataipasua. Ninyi baba zao watawaomba muwachezee harusini. Nitawapa nafasi moja. Onyesho moja, hapahapa kwenu, nilete mashine za moto na kamera. Likiwaka, mnakuja nami mjini, sahani, safari, kila kitu. Lisipowaka, endeleeni na biskuti."

Ukumbi pekee wenye nafasi ulikuwa uwanja wa barafu, na Jumamosi pekee ambayo Sheldon alikuwa na kamera ilikuwa ile ya kuamkia mashindano ya watoto. Timu za miji ya jirani zingekuja kwa mabasi, watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, waliokuwa wakilalia fimbo zao za hoki tangu majani yalipopukutika. Lorna alikwenda kumwomba Bi Verna akijua atakataliwa.

"Mbao juu ya barafu?" Bi Verna aliuliza.

"Mbao juu ya barafu yote, Bi Verna. Onyesho ni alasiri. Saa kumi na mbili jioni tumeshaondoka."

"Na mitambo?"

"Haiguswi."

Bi Verna alimtazama kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya pili. "Mimi muziki wenu siuelewi, mwanangu. Naona kama mtu ameangusha makabati. Lakini umetutunzia barafu miaka yote hii, na hujawahi kuomba kitu. Pigeni."

Jumamosi hiyo nje kulikuwa na baridi ya kupasua kope. Ndani, Sheldon aliyekuwa anatetemeka aliamuru vipasha joto vyote vya upande wa watazamaji viwashwe, na mafundi wake wakafunga mashine za moto pande mbili za jukwaa. Bendi ikajaribu vyombo. Kila walipokaa kimya, spika ziliendelea peke yake: *mmmmmm*, kama nyuki amekwama ndani ya kopo.

"Nini hicho?" Sheldon alipaza sauti.

"Mitambo ya barafu," Lorna alisema. "Iko nyuma ya ukuta. Umeme wake unaingia kwenye vyombo."

"Izime."

"Haizimwi."

"Kila kitu kinazimwa, mrembo. Nikienda na kanda yenye mlio huo, watasema nimerekodi jokofu."

Dwight alimtazama Lorna kwa macho ya mbwa aliyeona nyama. Réjean alijifanya anakaza ngoma. Lorna alipiga hesabu kichwani: zege lililo chini ya barafu lina baridi yake, litavumilia urefu wa onyesho na zaidi kidogo. Wakimaliza tu atakimbia kuwasha. Alifungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili. Alipoishusha swichi ule mngurumo ukafa, na kimya kilichofuata kilikuwa kizuri hata akajisikia ameiba.

Na onyesho, kwa kweli, lilikuwa zuri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Lorna aliisikia besi yake bila nyuki. Moto ulipanda mpaka kwenye dari. Dwight alitoka kwenye jeneza akatukana jua, mwezi na bodi ya shule. Mji mzima ulikuwa umesimama juu ya mbao, kofia za fuvu vichwani, pamoja na wageni wa mashindano, watoto na makocha wao, wote wakipiga miguu chini kwa desturi ya watu waliokulia kwenye baridi. Mama yake Réjean alikuwa mbele na bakuli.

Wimbo wa mwisho ukaisha. Lorna akaanza kuvua mkanda wa gita, macho yake kwenye mlango wa mitambo.

"Tena! Tena!" watu walipaza sauti.

Lazima ielezwe kwamba hakuna aliyetaka tena. Masikio yalikuwa yanawauma na chakula cha jioni kilikuwa kinangoja. Lakini Garnet Lake haijawahi kumwacha mgeni jukwaani aondoke bila kuombwa arudie. Hata mfanya mazingaombwe wa kupoteza sungura aliyepoteza sungura kweli aliombwa arudie. Kwa hiyo walipaza sauti kwa heshima zote, na Sheldon pembeni akawa anazungusha mkono: endeleeni, endeleeni.

Wimbo mmoja tu, Lorna alijiambia.

Wakapiga. Wakaombwa tena, kwa adabu zaidi. Wakapiga tena. Kumuomba mtu mara mbili na kuacha ni kama kumwambia ule wa tatu haukuhitajika, hivyo wakaombwa na wa tatu. Mashine za moto zikatema, vipasha joto vikapuliza, miguu ikapiga mbao. Lorna aliutazama ule mlango. Ulikuwa mbali kama Toronto yenyewe, na alikuwa na uwezo wa kwenda upande mmoja tu. Akapiga besi.

Katikati ya wimbo wa tatu maji yaliruka kutoka kwenye maungio ya mbao. *Chwa!* Watu walishangilia, wakidhani ni maajabu ya Toronto. Wakakanyaga kwa nguvu zaidi. *Chwa! Chwa!* Kisha Bi Verna, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na lango, akaona viatu vyake vimelowa. Aliinama, akapenyeza fimbo chini ya ubao, akauinua.

Muziki ulikatika wenyewe, chombo kimoja kimoja.

Mistari myekundu na ya buluu ilikuwa inaogelea. Bata wa ziwani aliyechorwa katikati ya uwanja, alama ya timu ya mji, alikuwa amerefuka shingo mpaka akafanana na mwanasesere aliyeyeyuka jikoni. Hapa na pale zege lilionekana, jeusi, tupu.

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Verna alitembea mpaka mbele ya jukwaa, maji yakimrukia mpaka vifundoni.

"Lorna," alisema taratibu, "niambie mtambo umekufa. Ni mzee ule mtambo. Ukiniambia umekufa nitaamini, na watu wote hawa wataamini."

Na wangeamini kweli. Lorna aliziona nyuso zao zikingoja kwa hamu jibu hilo jepesi, zikimsukumia uongo kama watu wanavyomsukumia mgeni sahani ya mwisho ya mezani. Angeipokea na kesho wangemsaidia kuulaani mtambo. Ndivyo mji ulivyokuwa ukimfanyia siku zote: kumkubali kabla hajasema kitu.

"Haukufa," alisema. "Niliuzima mimi. Ulikuwa unaharibu sauti."

Bi Verna alinyosha kiganja. Lorna akafungua funguo kiunoni, akazitia humo.

Watu walianza kutoka. Walipita mbele ya jukwaa mmoja mmoja, na kila mmoja alisema, "Asanteni kwa muziki," kwa sauti ambayo ingeweza kugandisha uwanja wote upya. Mama yake Réjean aliondoka na bakuli lake limejaa. Wa mwisho alikuwa Orval Sikorsky, kocha wa watoto, mchimba madini mwenye mikono kama makoleo. Alisimama mbele ya Dwight.

"Unajiita mkwe wa Ibilisi," alisema. "Ibilisi mwenyewe asingegusa barafu ya watoto."

Dwight alikuwa ameyangoja maneno ya namna hiyo miaka kumi na miwili. Yalipomfika alishika kipaza sauti asianguke.

Aliyefurahi alikuwa Sheldon peke yake. Alikuja akirukaruka juu ya madimbwi, viatu vyake vya mjini vimekwisha kazi.

"Mmeona? Mmeziona hizo nyuso? Wanawachukia! Nimeyapata yote kwenye kamera. Jumatatu asubuhi tuko televisheni ya taifa: bendi iliyoyeyusha uwanja wa hoki wa mji wake! Katika nchi hii! Mngeua mtu wangewaelewa zaidi. Mtasema mlifanya makusudi, mtasema mnaitemea mate hiyo barafu. Pandeni gari, tunaondoka sasa hivi."

"Jumatatu," Réjean alisema. "Na barafu nani ataigandisha?"

"Barafu ni maji na baridi, bwana wee. Itaganda yenyewe."

Réjean alimtazama kama mtu aliyeambiwa kiti hujiunga chenyewe. Akaanza kukusanya mbao.

Dwight alimshika Lorna mkono. Wanja ulikuwa umemtiririka. "Twende, Lorna. Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyeitaka kuliko sisi sote."

"Najua, Dwight." Alikuwa anawatazama watoto wa miji mingine, waliokuwa wamejipanga nyuma ya vizuizi na mabegi makubwa kuliko wao. Hawakulia. Walikuwa wanautazama uwanja kimya, kama watu wazima wanavyotazama nyumba iliyoungua. "Nimeitaka kwa kupiga besi. Hiki tunachokwenda kukiuza si besi. Ni hawa hapa."

"Asipokuja si neno," Sheldon alisema akifunga koti lake. "Wapiga besi wanapatikana."

Basi hivyo ndivyo Lorna alivyopata jibu la swali lake la miaka yote kutoka kwa mtu asiyemjua mama yake. Lilimchoma, kisha likapita. Gari liliondoka na Dwight ndani, uso wake umebandikwa kwenye kioo.

Bi Verna aliwasha mitambo kwa mkono wake mwenyewe, akafunga kufuli zote mbili. Alipopita karibu na Lorna alisema maneno machache tu: "Bomba liko palepale."

Jinsi ya kutengeneza barafu kila mtu wa Garnet Lake anajua, maana kila baba amemwagia maji uani kwake watoto wakingoja dirishani. Unafungua milango mikubwa baridi iingie. Unayasukuma maji machafu nje. Kisha unanyunyiza maji ya moto, kidogo sana, kama umande, kwa sababu maji ya moto huganda safi bila mapovu. Unangoja. Unanyunyiza tena. Anayekuwa na haraka hupata matope. Lorna alishika bomba usiku ule na siku nzima ya Jumapili, akirudi kinyumenyume kutoka lango moja hadi jingine, mikono imekufa ganzi. Réjean alichota theluji nje akaiburuta ndani kuziba mashimo, na chombo kikubwa kilichopatikana kilikuwa lile jeneza. Lilibeba mzigo mwingi, tena halikuvuja hata tone.

Watu walikuja. Baada ya ibada walikuja wote, na mafagio na makoleo, wakafanya kazi pembeni mwake bila kumsemesha. Wageni waliokuwa wamelazwa sebuleni kwa wenyeji walikuja pia. Mtu, hakumwona ni nani, alimwekea kikombe cha kahawa kwenye kizuizi. Lorna alikibugia akakaribia kukitema. Kilikuwa na sukari, vijiko kama vinne. Mji mzima ulijua kwamba Lorna Haapala hanywi kahawa na sukari; hivyo ndivyo Garnet Lake ilivyoadhibu mtu.

Aliimaliza. Kikaja kingine, kitamu kuliko cha kwanza. Akakimaliza nacho.

Lakini kuna jambo alilolitambua kati ya kikombe cha pili na cha tatu, akiwa na bomba mkononi na ladha ile ya kuchefua mdomoni: kwamba hakuna aliyekuwa anamsifu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Garnet Lake ilikuwa inamwambia ukweli kuhusu kazi yake. Orval Sikorsky alipita, akainama, akakwaruza barafu kwa kucha. "Hapa umeharakisha," alisema, akaenda zake. Lorna alitazama. Alikuwa ameharakisha kweli. Akarudia.

Jumatatu asubuhi shule zilifungwa bila mtu yeyote kutangaza, na mashindano yakaanza. Mistari ilikuwa imepinda kidogo, na bata wa ziwani alikuwa hayupo, lakini barafu ilibeba. Kwenye kantini, televisheni iliyoning'inia juu ya mashine ya bisi ilikuwa inaonyesha kipindi cha asubuhi cha taifa. Hapo alikuwa Dwight, wanja mpya, nywele zimechanwa, amekaa kwenye kochi jeupe kati ya mpishi na mtaalamu wa mbwa. Sauti ilikuwa imezimwa ili watu wasikie mchezo. Nchi nzima ilikuwa inamtazama Mkwe wa Ibilisi, isipokuwa mji aliokuwa anautukana. Mji ulikuwa umemgeuzia mgongo, kwa sababu timu ya nyumbani ilikuwa imebakiza dakika chache na mabao yalikuwa sawa.

Ni Lorna, Réjean na Bi Verna tu waliokuwa wanaitazama televisheni.

Mtangazaji aliuliza kitu. Dwight alinyanyua kidevu, akakunja uso kwa ukatili kama alivyofundishwa. Akafungua mdomo. Akaufunga. Kidevu kikaanza kutikisika.

"Usiseme, mjinga wewe," Réjean alinong'ona. "Usiseme."

Midomo ya Dwight ikaumba neno: samahani. Hakuna haja ya sauti kulitambua neno lile kwa mtu aliyelelewa Garnet Lake. Huko watoto hulijua kabla ya kusema mama.

"Amesema?" Bi Verna aliuliza, akibadilisha miwani.

"Amesema," Lorna alijibu.

"Anasema tena," Réjean alisema. "Sasa anawataja. Ona, huyo ni Orval. Huyo... huyo ni mama yangu."

Mpishi alimpa kitambaa. Pembeni ya picha, mkono uliovaa koti la ngozi ulionekana kidogo, ukifunika uso wa mwenyewe. Kisha likaja tangazo la matairi, na safari hii lilikuwa la matairi kweli.

Nyuma yao uwanja ukalipuka. Bao. Réjean aliruka akamkumbatia mtu asiyemjua.

Ilipofika mapumziko kabla ya mchezo uliofuata, barafu ilikuwa imechanwachanwa na viatu vya kutelezea. Mpwa wa Bi Verna alikuwa ameshajaribu mashine asubuhi, akaacha kona ikiwa kama shamba la viazi. Bi Verna alisimama mbele ya Lorna, funguo mkononi.

"Panda."

"Si umenipokonya funguo, Bi Verna?"

"Na sijakurudishia. Wewe utapanda na usukani. Mimi nitapanda na funguo."

Mashine ile ina kiti kimoja. Kwa hiyo Bi Verna Pettigrew, miaka sabini, alisimama kwenye kidaraja cha pembeni, fimbo kwapani, mkono mmoja umeshika nguzo na mwingine umeng'ang'ania funguo, wakaanza kuzunguka. Watoto waligonga fimbo zao kwenye vizuizi, *ta, ta, ta-ta-ta*, na Lorna akagundua vidole vyake vinajibu juu ya usukani.

"Kona hiyo," Bi Verna alisema.

"Naiona."

"Na Jumamosi uliiona?"

"Niliiona, Bi Verna. Nikapita."

Bi Verna alisogeza fimbo isimchome Lorna ubavuni.

Walipokuwa wanamaliza mzunguko wa mwisho, simu ya kantini ililia. Réjean aliipokea, akasikiliza, kisha akatoka mpaka ukingoni na waya wa simu umenyoshwa hadi mwisho wake.

"Lorna! Ni Dwight! Sheldon amemwacha stesheni, anatafuta basi!"

"Anasemaje?"

"Hasemi habari ya televisheni! Anauliza imeganda?"

Lorna alipunguza mwendo akageuka. Nyuma ya mashine, pale walipotoka kupita, maji yalikuwa bado yanameremeta, na kutoka pembeni kuja katikati yalikuwa yanafifia taratibu kuwa meupe, kama kioo kinachopuliziwa pumzi.

"Mwambie inaganda!"

"Na mwambie," Bi Verna alipaza sauti kutoka kwenye kidaraja chake, hata watoto wakanyamaza, "akifika kuna kahawa. Tumemtilia sukari."